Pilipili Zilizomponza Nyamvula

Mimi nina hasira, na nasema mapema ili asitokee mtu baadaye akaniambia nipunguze sauti. Mamangu keshaniambia, wifi yangu Sumeya keshaniambia, na jirani wa upande wa pili kagonga ukuta. Sikupunguza. Nataka kuwasimulia habari za Nyamvula, mwanamke aliyekuwa akituuzia mboga hapa Mtopanga, na jinsi pilipili zilivyomharibia jina. Ndiyo, pilipili. Tena zisizowasha.

Nyamvula ni Mgiriama. Aliletwa Kisauni na mumewe angali msichana, mume akawa kibarua wa kupakia mizigo, kisha akafariki, na mtoto hawakujaaliwa. Watu walidhani atarudi kwao. Hakurudi. Alikwenda upande wa Kiembeni akamwomba mzee mmoja mwenye uwanja mtupu amruhusu kulima, na mzee akakubali, maana uwanja wenyewe ulikuwa pori la nyoka. Akafyeka peke yake. Akapanda mchicha, bamia, mabiringani, na pilipili mbuzi, zile za duara zenye mikunjo.

Maji yalikuwa ya kubeba kichwani, kwa hiyo mchicha ndio ulionyweshwa. Pilipili ziliachiwa mvua, na mvua ikikosa zikastahimili. Zilitoka ndogo, zimejikunja, na ukali wake usiseme. Mama alikuwa akikata kipande cha kiasi cha ukucha akatia katika mchuzi wa nyumba nzima. Wakaanga viazi wa huku kwetu hawakuchukua pilipili kwa mtu mwengine. Ungemkuta mtu mzima na heshima zake anakula bhajia huku anapenga kamasi, machozi yanamtiririka, na bado anaomba kuongezwa.

Na mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Ni Mkristo, lakini siku ya Idi alikuwa haalikwi kwetu, anakuja tu, na pilau lake limekwisha kuwekwa kando. Ramadhani mama akizidiwa, Nyamvula ndiye anayekuja kumkunia nazi. Mamangu, Bi Mwanarusi, si mtu wa kusifu ovyo, lakini alikuwa akisema kwamba katika mtaa huu mwenye mkono msafi ni Nyamvula. Haya ni maneno yake mama, kwa kinywa chake. Nataka myakumbuke kwa sababu yeye aliyasahau.

Basi yule mzee akafa, wanawe wakauza uwanja, na nyumba za ghorofa zikapanda. Nyamvula hakupewa hata muda wa kuvuna bamia. Ikambidi awe anakwenda Kongowea alfajiri kuchukua mboga za malori, anazileta Mtopanga, anazipanga mezani pake kwenye kona. Ndipo balaa lilipoingia.

Ati zile ni mboga? Nyanya ina ngozi ngumu, ukiiangusha sakafuni inadunda, ukiipika haitoi rangi wala ladha. Vitunguu unakata huku unapiga soga, chozi halikutoki. Ndimu unaikamua mpaka vidole vinauma. Na hizo pilipili, jamani! Kubwa, nyororo, zinang'aa, zote umbo moja utadhani zimezaliwa siku moja na mama mmoja. Unatafuna nzima na wali wako, unangoja, hakuna kitu. Ni maji yenye rangi. Nyamvula alipomwuliza dalali mmoja kulikoni, dalali akamweleza bila haya kwamba mashamba makubwa hunywesha pilipili kwa mabomba asubuhi na jioni, mbolea zinamwagwa kwa magunia, na mbegu yenyewe imechaguliwa na mnunuzi. Mnunuzi anataka pilipili nzito, isiyonyauka safarini, yenye kupendeza kwenye sahani ya hoteli, na isiyomchoma mgeni ulimi. Ukali haupimwi kwenye mizani, akasema, na akacheka.

Mnamwona? Akacheka. Mtu anakunyang'anya ladha kinywani, halafu anakuchekea.

Nyamvula hakuwaficha wateja. Alikuwa akiwaambia waziwazi kwamba hizi ni za rangi tu, msizitarajie. Watu walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kuzoea. Watoto wa siku hizi wanakua hawajui pilipili ni kitu gani, na sisi tulioijua tukaisahau, kana kwamba hatukuwahi kulia mbele ya sahani.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana Sumeya, mke wa kakangu, alijifungua mtoto mwanamume, Mahfudh. Mtoto mnono, mashallah, mashavu yamejaa. Asubuhi moja Sumeya alipita na mtoto pale kwenye kona, na Nyamvula akampokea, akamrusharusha, akasema mtoto huyu amenona huyu, anapendeza mpaka unatamani kumla. Akamrejesha. Ni maneno ambayo kila mtu humwambia mtoto mchanga. Lakini hakusema mashallah, kwa sababu kwao hawasemi.

Jioni ile mtoto akaanza kulia. Akakataa ziwa, mwili ukachemka. Mimi nilisema apelekwe hospitali, nikaambiwa ninyamaze, mimi sijazaa, nayajua wapi. Mama akaenda kuchukua pilipili.

Kwetu sisi, mtoto akilia namna ile huangaliwa kama katiwa jicho la husuda. Mwalimu wa madrasa keshatukataza zaidi ya mara moja, lakini wanawake wa nyumba yetu wana masikio yao. Unachukua pilipili kavu na chumvi ya mawe, unazungusha juu ya kichwa cha mtoto huku unasoma, kisha unazitupa kwenye makaa. Pilipili zikiwaka watu wakakohoa na kupiga chafya, basi mtoto ni salama, ni maradhi tu. Zikiungua kimya, bila mtu kukohoa, basi hapo pana jicho, na jicho ndilo lililomeza ukali.

Mama akazungusha. Akatupa. Tukakaa tunangoja. Pilipili zikajikunja, zikawa nyeusi, na harufu iliyotoka ni ya majani makavu. Hakuna aliyekohoa. Hata paka aliyelala karibu na jiko hakuinua kichwa.

Mama akauliza taratibu leo mtoto alishikwa na nani. Sumeya akalitaja jina. Na mama, yule yule aliyemsifu kwa mkono msafi, akasema, "Asiyejaaliwa mtoto wake huwa na jicho hata asipotaka."

Asubuhi nilimbeba mtoto mwenyewe nikampeleka kwenye zahanati. Muuguzi akamwangalia sikioni, akakuta usaha, akatupatia dawa. Baada ya siku chache mtoto akawa anacheka. Nikadhani mambo yamekwisha. Wapi! Nyumbani ikasemwa kapona kwa ile chumvi na kisomo cha nyanyake, na dawa ya muuguzi ikawa haina sifa yoyote.

Na maneno yalikuwa yashatoka. Laiti wangemtukana, angalau angejua ajibu nini. Hawakumtukana. Walikuwa wakikaribia kona wanawafunika watoto wao leso, wanavuka upande wa pili. Wenye mimba wakaacha kabisa kupita. Asubuhi moja alikuta meza yake imemwagiwa chumvi. Mboga zikawa zinanyaukia pale, naye kazikalia, anaamkia watu na watu wanamwitikia huku wanatembea.

Alikuja kwetu kuuliza. Nilikuwa ndani nikasikia. Alibisha hodi, akamwamkia mama, akauliza hali ya mtoto. Mama hakufungua pazia. Akamjibu kwamba mtoto amelala. Nyamvula akasema haya, mama, akaenda zake. Mama alipogeuka nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na sitayarudia hapa. Kesho yake meza ya Nyamvula haikutandikwa. Tukasikia anawafulia watu nguo huko majumbani.

Nilikuwa sina la kushika. Nilijua moyoni kwamba ni uonevu, lakini makaa yalikuwa yamesema, na kila mmoja wetu aliyaona.

Halafu nikaenda Jomvu Kuu kumtazama shangazi yangu, Bi Kulthum. Alinipikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na pembeni akaweka pilipili mbichi alizochuma uani, kwenye mti ambao hakuna mtu anayeunywesha. Mimi kwa mazoea yangu ya Mtopanga nikachukua moja nzima, nikaitafuna.

Wallahi nilidhani ulimi umekatika. Masikio yakaziba, machozi, kamasi, nikainuka nikaukimbilia mtungi. Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu, akaniuliza kwani huko kwenu hakuna pilipili. Nikataka kumjibu zipo. Nilisimama na kata ya maji mkononi, kinywa kinawaka moto, na nikaona jambo zima limenyooka mbele yangu. Hazipo! Hatuna pilipili sisi. Tumechoma maganda mekundu tukahukumu mtu.

Nilimwomba shangazi pilipili zake kavu, akanijazia kikopo. Sikumaliza hata wali.

Nilipofika nyumbani niliwaita wote sebuleni: mama, Sumeya, na yule jirani mgonga ukuta, maana yeye ndiye aliyeyatembeza maneno. Nikawasha jiko la makaa katikati yao. Nikachukua pilipili za Kongowea, zilizoanikwa kwenye uteo wa mama mwenyewe, nikazizungusha juu ya kinu. Nikazitupa motoni. Zikaungua kimya, kama siku ile. Nikawauliza, "Kinu nacho kimetiwa jicho? Na nani?"

Mama akaniambia nisifanye mzaha na mambo ya dini. Nikamwambia dini haimo humu, na nikalimwaga lile kopo la Jomvu Kuu kwenye makaa. Sikuzungusha juu ya mtu wala kitu.

Ilikuwa kishindo. Jirani alitoka kwanza, ushungi mdomoni. Sumeya akamnyakua mtoto aliyekuwa chumbani, akakimbilia uani. Mama alikohoa mpaka akashika ukuta, na mimi nikakohoa naye, nikilia na kucheka kwa hasira. Tulikaa nje kila mtu anafuta macho, hakuna anayemtazama mwenziwe. Mama akasema kwamba tumemdhulumu mtu, na akaingia ndani kuchukua buibui lake.

Namsifu kwa hilo. Hakutaka Nyamvula aitwe, alitaka kwenda mwenyewe, kwa miguu, mchana, watu wakiona. Alichukua leso mpya ambayo hajaivaa, nasi sote tukamfuata, pamoja na mtoto. Njiani jirani alianza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka. Nilimtazama, akanyamaza.

Nyamvula alitukaribisha chumbani kwake. Alitandika mkeka, akatupatia maji ya kunywa. Mama akamweleza yote bila kuzunguka: pilipili, makaa, maneno aliyoyasema yeye mwenyewe. Akamwomba radhi kwa Mungu na kwake. Nyamvula alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliposikia kwamba ni zile pilipili za malori, alitikisa kichwa polepole, akasema aliwaambia watu kwamba ni za rangi tu. Kisha akasema amesamehe, na naamini alisema kweli, kwa sababu alilia, akaipokea leso akajitanda palepale. Mama naye akalia. Nikahisi hasira inaanza kunitoka.

Ndipo Sumeya, kwa nia njema kabisa, akamnyanyua Mahfudh akamsogezea amshike, ili ajue kwamba mioyo yetu imesafika. Mtoto akacheka, akamnyooshea mikono.

Nyamvula akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akaificha mikono ndani ya ile leso. Macho yake aliyapeleka chini, kwenye miguu yetu, mbali na uso wa mtoto.

"Msinipe," akasema. "Mimi nimewasamehe. Lakini kesho akikohoa?"

Sumeya akabaki amemnyoosha mtoto vilevile, na mtoto, alipoona hapokewi, akaanza kulia.