Bega la Kushoto

Nilijifunza kushona kwa kufumua. Nyumbani Mutsamudu, kisiwani Ndzuani katika Komoro, nilichukua kanzu kuukuu ya marehemu baba, nikaikata nyuzi kwa wembe, nikavipanga vipande sakafuni, kisha nikavishona tena kama vilivyokuwa. Nilifanya hivyo mara nne, mpaka kitambaa kikachoka. Mafundi walikuwepo mjini, wawili kati yao hatua chache tu kutoka kwetu, kwenye vichochoro vinavyoteremkia bandarini. Sikwenda kwa hata mmoja. Niliwaambia watu kwamba sina uwezo wa kumlipa mwalimu. Ukweli ni kwamba nisingevumilia mtu auone mshono wangu kabla haujanyooka.

Nilipofika miaka ishirini na miwili nilipanda meli na cherehani yangu, nikaenda Moroni, kisiwa cha Ngazidja, ambako hakuna aliyejua kwamba sikufundishwa. Nikapanga chumba cha mbele mtaa wa Magoudjou, mlango wake ukitazama barabara. Mwenye nyumba, mzee wa maneno machache, alikaa chumba cha nyuma. Mlango wa pili alikaa mama mmoja muuza mkate wa sinia, ambaye ndiye aliyekuwa gazeti langu.

Nchi ilikuwa na mamluki. Wazungu wachache wenye bunduki walikuwa wameiweka serikali madarakani, na walikaa karibu nayo kama mwenye mbuzi akaavyo karibu na kamba. Askari waliokuwa chini yao walivaa magwanda meusi, na magwanda huchanika. Mara kwa mara gari lilisimama mlangoni, Mzungu akaingia, akabwaga furushi mezani, akanionyesha vidole: viwili, siku mbili. Sikumbuki kama tuliwahi kusalimiana. Nilikuwa nikiogopa kumuuliza chochote, na namshukuru kwa hilo, maana kuogopa kwangu kuuliza kulipata kisingizio.

Mteja wangu wa kwanza wa heshima alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, mtu mwenye mvi kichwa kizima. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa anaolewa, na kule Ngazidja mjomba ndiye nguzo ya nyumba. Alitaka kanzu.

"Ya kawaida tu, fundi," alisema. "Nyeupe, safi. Isiseme kitu."

Nilikata kitambaa chembamba cha pamba, nikakidarizi shingoni kwa siku tisa. Sijui kama nimewahi kupenda kitu kama nilivyoipenda shingo ile. Katikati ya kazi likaja furushi la magwanda. Nikabadili sindano, nikakaza uzi, nikayamaliza kwa wakati, kisha nikairudia kanzu. Bega la kulia nilikuwa nimeshalishona kabla. La kushoto likakunjamana.

Nikalifumua, nikalishona tena. Likakunjamana vilevile, kama mdomo wa kizee asiye na meno. Mara ya tatu kitambaa kilikuwa na matundu mengi kuliko nyuzi, na sikuwa na kipande kingine. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, nilitakiwa kuipeleka.

Nilikuwa nimewaona wazee wa Moroni siku za Ijumaa na shali begani, ile wanayoiita mharuma. Kwetu Mutsamudu sikuizoea. Nilidhani ni pambo la umri. Jirani yangu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, vya wakubwa usivichezee," nikaitikia kwa kichwa bila kuuliza vya wakubwa ni vipi. Nikaenda sokoni, nikanunua shali nzuri, nikaikunja, nikaitundika juu ya bega la kushoto kwa mishono midogo ili isiteleze. Nilipotazama, bega lilikuwa limepotea. Nikafurahi.

Nyumbani kwa dada yake karani nilikuta wanawake wakichambua mchele na wanaume wa mtaa wakinywa kahawa barazani. Ningeweza kuikabidhi kanzu imekunjwa. Lakini nilitaka waione shingo. Nikaifungua, nikaishika mabegani, nikaiinua juu.

Vikombe vikatulia. Mzee mmoja mnene akanitazama, akamtazama karani.

"Na huyu ameoa lini," akauliza, "hata sisi hatukula?"

Hakuna aliyecheka. Wakaweka vikombe chini vikiwa nusu, wakaondoka mmoja mmoja. Karani alibaki amesimama, mikono imemning'inia. Hakunikaripia. Aliichukua kanzu, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akaingia ndani.

Asubuhi jirani yangu ndiye aliyenieleza, huku akikata mkate.

"Hapa mtu hawi mkubwa kwa mvi. Awe mkubwa ni mpaka afunge ile harusi kubwa, aulishe mji mzima. Ndipo aivae mharuma, ndipo aseme uwanjani, kwenye kikao cha wazee. Yule karani hajaifunga. Ana mvi mpaka kwenye nyusi, na bado anahesabiwa pamoja na vijana."

"Sikujua."

"Wewe hukujua. Wao wanasema yeye ndiye aliyekuagiza, akae mbele kama mkubwa siku ya mpwa wake. Wamesema hawaingii harusini." Akafuta kisu. "Na watu wa mtaa wasipoingia, yule binti hakuolewa. Atakuwa amechukuliwa tu. Kwa nini uliiweka?"

"Kwa heshima, mama."

"Heshima ya nani?"

Nikanunua mkate nisioutaka, nikarudi ndani.

Mchana akaja karani mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kanzu mapajani. "Nimewaambia sikuagiza," alisema. "Lakini mtu kama mimi akisema, ni upepo umepita. Kwa nini, fundi?"

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nikasema tena: heshima. Huo ndio uongo unaonisumbua mpaka leo, maana niliusema mbele ya mtu aliyekuwa anazama, nami nilikuwa nimeishika kamba.

Karani alipoondoka, mwenye nyumba akasema, "Leo wazee wanalikalia jambo hili uwanjani, na heshima haitatosha. Watasema amekufundisha la kusema. Una neno jingine?"

Nilikusanya nyuzi zilizotapakaa mezani. Kisha nikasema, "Ninalo."

Siku hiyohiyo baada ya alasiri akanipeleka. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabaraza ya mawe yanayozunguka uwanja, karani na vijana upande wa chini. Sikuwa na haki ya kusema. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa na mharuma yake begani, aliniombea: mgeni wangu ana neno, ni mtu wa Ndzuani, mvumilieni ulimi wake. Gari moja jeusi la mamluki lilipita polepole, na hakuna aliyegeuka. Ilinishangaza. Nchi ilikuwa mikononi mwa watu wale, na hapa watu walikuwa wakijadili bega.

"Haya, Mndzuani," akasema yule mzee mnene. "Alikuagiza?"

"Hakuniagiza."

"Basi ulimpenda sana."

Vijana wakacheka. Nikahisi neno heshima linapanda kooni, tayari, laini. Kama ningelisema, ningebaki fundi, na karani angebaki mwongo.

"Niliiweka kuficha mshono," nikasema. "Bega la kushoto limeniharibikia. Nililifumua mara tatu. Ndiyo maana shali imeshonewa bega moja tu. Ikatwe, mtaona."

Karani akaitoa kanzu. Mwenye nyumba akaomba wembe, akakata mishono, shali ikaanguka. Kanzu ikapita mkono kwa mkono mbele ya wanaume wote wa mtaa. Kila mmoja alilileta bega karibu na macho. Mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Hii ni njia ya mchwa." Sasa walicheka wote, hata mwenye nyumba.

"Nani alikufundisha kazi?" akauliza yule mzee mnene.

"Hakuna."

"Ndiyo." Akaikunja kanzu. "Hakuna mtu atakayeagiza kitu kama hiki ili ajivunie. Karani, tutakuja kula kwa dada yako. Na wewe, Mndzuani, shali ile itunze. Mpaka ujue ni ya nani."

Walikuja. Nami nilialikwa, nikakaa pembeni. Karani hakuwa na muda wa kushonesha nyingine, kwa hiyo aliivaa ileile. Nilimwona akibeba sinia za nyama kuwapelekea wazee, baadhi yao wadogo kwake kwa miaka kumi, akiinama na kuinuka, bega la kushoto limekunjamana mbele ya mji mzima. Alipopita kwangu akasimama kidogo.

"Nilikuambia isiseme kitu, fundi," akanong'ona. Akaendelea na sinia yake.

Ndani ya wiki moja wateja wengi walikuja kuchukua vitambaa vyao, kwa upole, kila mmoja na sababu yake. Yalibaki magwanda. Nilijaribu mwezi mzima kuishi kwa magwanda, kazi isiyoulizwa na isiyouliza. Kisha nikafunga cherehani, nikarudi Mutsamudu.

Nilikwenda kwa fundi wa kwanza kichochoroni, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuangalia hata mikono yangu.

"Ulibadili sindano ulipomaliza magwanda?"

Sikubadili. Wala uzi sikuulegeza.

"Sindano ya gwanda haishoni kitambaa chembamba, mwanangu. Inakitoboa tu. Kaa."

Maneno hayo angenipa fundi yeyote, kama ningemuuliza swali moja tu.

Sasa ni mwezi wa saba niko kwake. Hunipa mabega tu, nashona, anafumua. Vipimo vya karani bado ninavyo, na nimenunua pamba nyembamba ya kumshonea nyingine, itakayokwenda Moroni kwa meli. Shali iko kwenye sanduku langu, sijaigusa. Jana bega la kushoto alilonipa fundi lilianza kukunjamana. Nikaondoa mguu kwenye cherehani, nikampelekea vilevile lilivyo, kabla halijanyooka.