Mtishie Malkia

Mimi sataranji siijui hadi leo. Kete zake nazifuta vumbi tu, na hata hapo huwa nazirudisha mahali pasipo pake. Lakini mume wangu namjua.

Alikuja huku kwetu peke yake, akabeba katoni kwenye kiwanda cha sabuni. Jioni alikwenda klabu ya sataranji, juu ya duka la viatu, akawafunga wote, hata mwenyekiti akaacha kucheza naye kwa kisingizio cha macho. Wakamfanya kocha wa klabu, kisha wa timu ya taifa. Waliomsengenya kwa ugeni wake walisengenya mpaka wakachoka.

Kwao alimwacha mama yake na mdogo wake wa kiume, aliyemfundisha mwenyewe mchezo huo sakafuni, kwa vifuniko vya chupa. Mwaka huu timu ya kwao ilipangwa kucheza na yetu, hapa hapa mjini, na mdogo mtu yumo. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Mama mkwe hakutuacha tupumue.

"Mkikutana mnipigie mkiwa pamoja," alisema. "Nataka niwasikie wote wawili."

Sasa kazi ya kocha ni kuwaandikia wachezaji udhaifu wa kila mpinzani. Nilimkuta mezani, jina la mdogo wake juu ya karatasi, chini hamna kitu.

"Andika chochote," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Tukishindwa watasema mgeni kawauza."

Akaandika: akitishiwa malkia humrudisha nyuma hapo hapo, hata kama hakuna hatari. Nikamuuliza kajuaje.

"Utotoni akipoteza malkia nilikuwa namcheka mpaka analia. Woga huo nilimtia mimi."

Ningekuwa na akili siku ile, karatasi ningeichana. Nilikwenda kupiga pasi shati lake.

Ukumbini nilikaa nyuma. Mchezaji wetu alimtishia shemeji yangu malkia mara tatu, na mara tatu akamrudisha, mpaka mfalme wake akabaki hana wa kumkinga. Alipokubali kushindwa hakumtazama aliyemfunga. Alitazama viti vya makocha.

Mume wangu alimkimbilia hadi kwenye ngazi, nami nyuma yake.

"Mdogo wangu."

"Kaka, hakuna mwingine aliyekuwa anajua," shemeji akasema, akateremka kwenda kwenye basi lao. Timu yetu ilishinda. Mume wangu alipongezwa na kila mtu, na nilimwonea huruma kama mfiwa.

Jumapili mama mkwe alipiga simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mdogo wako kasema hukuwepo," alisema. "Kasema alikutafuta ukumbi mzima. Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Mume wangu alizima spika ya simu, akaiweka sikioni.

"Nilikuwa kazini, mama."