Generosa na Waya wa Kompyuta

Shinyanga ya mwaka 1987 haikuwa na muuzaji aliyewahi kumlipisha Generosa bei ya kwanza. Ukoo wa mumewe ulimtanguliza yeye kwenye kupatana mahari, na ofisi ya ushirika wa pamba ikamfanya mnunuzi wake. Jumapili alifinyanga vyungu kwao Kolandoto, na huko nako hakupunguza hata senti.

Basi ofisi ikaletewa kompyuta yake ya kwanza, tena imenunuliwa rahisi hata meneja akawa anatembea akijichekea. Kufungua boksi, waya wa kuiunganisha na printa haumo. Waya uliuzwa peke yake, na bei yake ilikuwa ya ng'ombe mtamba mzima.

“Nikilipa bei hiyo,” Generosa akatamba mbele ya wenzake, “msinitume tena hata chumvi.”

Akaenda kwa Akida, muuza vifaa vya ofisi pale mjini. Akaushika waya, akauponda weee: mfupi, mgumu, rangi yenyewe ya msiba. Akajifanya anaondoka ili aitwe. Akida hakuita. Ikabidi arudi mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kumkuta.

“Baba Mwanne,” akamwambia Akida, “nipe basi ule wa redio.”

“Hauingii, Mama Limi. Aliyetengeneza mashine kaipa mdomo wa peke yake. Kaiuza rahisi makusudi. Ukishaifikisha kwako, waya utaununua kwa nani kama si kwake?”

“Na mwakani?”

“Mwakani inakuja mashine mpya, na mdomo mwingine.”

Generosa akamkodolea macho. Kisha kicheko kikampasuka, akacheka mpaka akakaa juu ya boksi, machozi yakimtoka, na Akida naye akashindwa kujizuia. Ujanja ule ulimfurahisha kuliko kushinda. Akalipa bei yote, akarudi ofisini akasema wazi kwamba kashindwa, na kazi ya ununuzi akapewa mwenzake Theonest.

Hakununa hata kidogo. Kiangazi kilichofuata aliuza vyungu kwa bei ya kutupa, watu wakavigombania. Midomo ya vyungu hivyo haikuwa tena duara, ilikuwa ya umbo la yai, imepinda kidogo upande mmoja, na vifuniko vyake vilipinda vivyo hivyo. Mke wa Akida alichukua viwili.

Mwezi haukuisha, Akida akatokea Kolandoto, kavunjikiwa na kifuniko. Generosa akamtajia bei ya kipya, iliyozidi ya chungu chenyewe, polepole, bila kucheka. Akida akakitazama kile kifuniko kilichopinda, akamtazama na Generosa, kisha akatoa pochi akalipa bei ya kwanza.