Siku Nilipomtambulisha Baba kwa Kifaransa

Mwezi uliopita nilipita Bariadi nikielekea msibani Lalago, nikaona lile banda la kinu cha kuchambulia pamba limeng'olewa mabati yote. Nikasimama pale barabarani, rafiki yangu, nikamkumbuka baba.

Alikuwa fundi mitambo pale. Jioni alirudi na nyuzi za pamba kwenye nyusi, akanawa, akaketi na mama kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga za kutwanga. Nami nikawafundisha Kifaransa. Shule yetu ya sekondari ilikuwa imepata mwalimu wa kike aliyekulia Bujumbura. Aliinua kitu, akauliza, "Qu'est-ce que c'est?" yaani hiki ni nini. Darasa zima tukaitikia, "C'est une craie," hii ni chaki. Nyumbani nikamwonyesha mama ng'ombe: "C'est une vache." Mama alicheka hadi akashika mbavu.

Kisha wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, pamba ikawa inapelekwa Mwanza. Kinu kikapigwa kufuli. Wiki hiyohiyo mwalimu akataka kila mmoja wetu alete mtu wa kwao amtambulishe. Baba alipiga pasi shati, akaja, akasimama mbele ya darasa mikono nyuma.

"Voici mon père," nikasema. Huyu hapa baba yangu.

Mwalimu akaniuliza, kwa Kifaransa, baba anafanya kazi gani. Neno la fundi nilikuwa nimelikariri. Halikutoka. Nikarudia tu, "C'est mon père." Wenzangu wakapiga makofi.

Njiani baba akaniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita binti kwa upendo. "Mayu, umesema nini juu yangu?"

"Nimesema wewe ni baba yangu."

"Basi?"

"Basi."

Tukatembea hadi mtoni. "Ndicho kilichobaki," akasema.

Kiangazi akaenda Geita kutafuta dhahabu. Aliaga kama mtu anayekwenda mnadani. Hakurudi. Tulisikia shimo limeporomoka. Tukasikia pia kaonekana Kahama na mke mwingine. Leo mama aliamini hili, kesho lile, mpaka akafa. Mwalimu naye aliondoka kwa kukosa mshahara, na Kifaransa kikafutwa kwenye ratiba.

Wanangu wakiniuliza babu yao kalala wapi, sina kaburi la kuwapeleka. Picha yake hatukuwahi kupiga. Na siku hizi sura yenyewe imeanza kunipotea.