Kutu Kwenye Bastola ya Baba

Mdogo wangu aliigeuza bastola ya marehemu baba, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, kisha akacheka.

"Dada, stenlesi haishiki kutu. Hii imeshika kutu. Kwa hiyo mzee aliuziwa sufuria yenye mtutu."

Tulikuwa sebuleni kwangu, mtaa wa Buzebazeba, Kigoma. Bastola haikuwa na risasi. Nilikuwa nimeikagua mbele ya polisi walionikabidhi, na nikaikagua tena nyumbani kabla ya kumpa mtu yeyote aishike. Ni ya aina ile yenye silinda inayozunguka. Nilipokuwa mtoto ilikuwa nyeupe kama kijiko kipya. Sasa ilikuwa na utando wa kahawia kuzunguka silinda na chini ya nyundo, ubavu wake umejaa mikwaruzo, na silinda haisogei hata ukiisukuma kwa gumba.

Silinda hiyo ilikuwa imebeba duka zima. Baba aliuza nyavu na kamba mtaa wa Mwanga, na bastola aliimiliki kihalali tangu majambazi walipokuwa wakivuka ziwa na kuvamia maduka. Alipofariki, silaha ilipelekwa polisi kuhifadhiwa, kama inavyotakiwa. Duka nilibaki nalo mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa nalo hata alipokuwa hai. Ndugu hawakupenda. Katika kikao cha ukoo, mdogo wangu alitoa kauli aliyoiona ya hekima: duka na silaha haviachani, atakayekubaliwa kumiliki bastola ndiye ashike duka. Wote wakaitikia. Yeye mwenyewe hakuomba kibali. Aliona hakuna haraka, maana nani angempa mwanamke bastola?

Nikaomba. Nikahojiwa, nikasubiri, nikahojiwa tena, nikakubaliwa.

Hapo tumaini lao likahamia kwenye chuma chenyewe. Ofisa aliyenikabidhi alisema wazi: silaha zitakaguliwa, na ile isiyofanya kazi itakusanywa na mabovu mengine iharibiwe. Shangazi, dada yake baba, alipiga simu kutoka Ujiji siku hiyohiyo.

"Mwana wanje, mwanangu, usihangaike. Kitu cha mwanamume kimegoma kwa mwanamke. Hata chuma kina akili."

"Shikamoo shangazi," nilisema, maana hakunipa nafasi ya kusalimu.

"Marahaba. Kiache kiende. Duka mpe mdogo wako, wewe utapumzika."

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba nimechoka.

Nilianza na stilwaya laini ya kusugulia sufuria, nikajaribu mahali padogo chini ya mtutu. Kutu ya kweli, ukiisugua, hutoa vumbi jekundu. Hii haikutoa vumbi. Ilijikunja kama nta na kuziba stilwaya. Nikaona ajabu, lakini nikaendelea kufikiri kutu, kwa sababu kila mtu alikuwa amesema kutu. Nikaiweka juu ya karatasi mezani, karibu na dirisha, nami nikakaa palepale kuchagua dagaa wa mchana.

Jua lilipofika mezani, sisimizi walikuja. Walipanda mguu wa meza kwa mstari, wakawapita dagaa wangu bila kuwajali, wakaenda moja kwa moja kwenye silinda. Nikaacha dagaa. Sisimizi hawali kutu. Nikainama, nikanusa. Harufu ilikuwa ya jikoni kwa mama, ya maharage siku ya pili.

Mawese.

Nilicheka peke yangu hadi jirani akauliza kulikoni. Baba alipaka mawese kila kitu kilicholia au kukwama: bawaba, kufuli, mnyororo wa baiskeli, goti lake mwenyewe. Kwetu Kigoma hakuna ugonjwa wa mtu wala wa chuma usiotibiwa kwanza kwa mawese. Bastola nayo ilipata dozi yake mwaka baada ya mwaka, na alipoacha kuigusa, mafuta yaliganda, yakakusanya vumbi, yakawa gundi ya kahawia. Stenlesi haikuwa imedanganya. Sisi ndio tulioisingizia.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuosha tu. Nilitumia mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha maji ya moto na sabuni, nayo ilikuwa sabuni ya mawese, maana ndiyo iliyokuwa bafuni. Sikufungua skurubu hata moja. Nilisugua, nikafuta, nikaacha iloane, nikarudia. Uchafu ulitoka kwa vipande kama ukoko wa ugali. Mwishoni nilikausha kila pembe na kutia matone ya mafuta ya cherehani, niliyopewa na fundi nguo jirani wa duka letu kule Mwanga.

Nikasukuma silinda kwa gumba. Ikazunguka, ikalia tik-tik-tik, ikatulia mahali pake.

Mikwaruzo niliing'arisha kidogo, kwa kufuata upande mmoja, nikaiacha. Mdogo wangu alipoiona alisema, "Haijawa mpya."

"Nani alisema nataka mpya?"

Siku ya ukaguzi alikuja nami. Hakualikwa. Ofisa aliifungua silinda, akatazama kila tundu, akaizungusha, akaijaribu nyundo, akaizungusha tena.

"Nani kaisafisha?"

"Mimi."

Akamtazama mdogo wangu, kana kwamba jibu sahihi lingetoka upande ule.

"Mimi, afande," nikarudia. "Huyu aliiita sufuria."

Askari wa mezani akaangua kicheko. Ofisa hakucheka, lakini aliirudisha mkononi mwangu, si mwa mdogo wangu. "Ipo sawa. Itunze hivyohivyo. Na kama itahitaji kufunguliwa ndani, usijaribu mwenyewe."

"Sitajaribu."

Nje ya kituo simu ya mdogo wangu iliita. Ilikuwa sauti ya shangazi, na kwa jinsi anavyoongea hakuhitaji spika: "Imekuwaje? Wameichukua?"

Mdogo wangu alitazama viatu vyake. "Inazunguka," alisema.

Kisha akaninyooshea simu bila kuniangalia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akavuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo sasa umelishika duka."

"Nililishika zamani, shangazi. Leo ndiyo mmeambiwa."