Sahani Isiyo na Mgonjwa

Hospitali nzima ilimwita Baba Amiba. Kazi yake maabarani ilikuwa kulisha amiba, vijidudu vya majini visivyoonekana kwa macho, kisha kuwatilia makohozi ya wagonjwa wa mapafu ambao ugonjwa wao haukujulikana. Amiba wakifa, huenda wameuawa na kirusi kile kikubwa ajabu ambacho daktari mkuu alikuwa akikitafuta ndani ya watu mwaka wa sita sasa, bila kukipata hata kwa mmoja.

Kila mara huwekwa pia sahani moja isiyo na mgonjwa: amiba na maji safi, basi. Hao nao wakifa, uchafu umeingia, rudia yote. Hata mtoto angeelewa.

Jumanne ile walikufa amiba wa mama mshonaji wa kitanda cha nne. Na wa sahani isiyo na mgonjwa wakafa vilevile. Aa, miaka sita halafu rudia? Baba Amiba akatazama mlango, akaitupa sahani hiyo, akaandika daftarini juu ya amiba wake: "Wazima." Na kwenye darubini kirusi kilionekana kweli. Kisionekane kwa nini, wakati kichupa cha kirusi wanachokifuga kwa kulinganishia, ambacho hufunguliwa mwisho, yeye siku hiyo alikifungua kwanza, kikazichafua sahani?

Akapongezwa, akapigwa picha. Mama mshonaji akahamishiwa chumba cha peke yake, wajukuu marufuku, maana nani ajuaye kirusi hicho kinaambukizaje?

Mwezi wa tatu tangu hapo alitumwa kuchukua makohozi mengine. Mama alikuwa akishona kigauni.

"Ndiye wewe uliyeuona ugonjwa wangu? Mungu akuzidishie, mwanangu. Wenzako walikuwa wanabahatisha tu."

Baba Amiba akauliza kigauni ni cha nani, ili aseme chochote.

"Cha mjukuu wangu mdogo. Nakisia tu, sijui sasa amekua kiasi gani."

Alitoka na kikopo kitupu. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu, akasema yote. Daktari akafoka: "Mimi nitaifuta taarifa niliyotangaza. Yule mama kamwambie wewe mwenyewe!"

Akamwambia, macho sakafuni. Kirusi hana, na hakuwahi kuwa nacho. Ugonjwa wake bado haujulikani.

Mama hakuuliza habari za kirusi. "Kwa hiyo wajukuu wangu wangeweza kuja siku zote hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Mama akageukia ukutani.

Kesho yake wajukuu walikuja. Kigauni kiligoma mabegani. Mama akacheka, akalia, kisha akamwona Baba Amiba amejibanza mlangoni.

"Umesimama nini? Njoo ushike hapa, nifumue."

Akaja, akashika. Mtoto alimwamkia, naye akainamia mshono.