Redio Isiyo na Leseni

Mimi ni mtu wa Mitunguu, Meru ya chini kwenye ndizi, na watu wa Embu hunitania kwamba nyumba ya Mmeru haihitaji kiberiti, hasira ya mwenyewe inatosha kuwasha jiko. Siwakatalii. Nimekaa Embu mjini miaka mingi, nina duka la kushona sare za shule karibu na mtaa wa Dallas, na katika miaka hiyo nimegombana na wenye nyumba, askari wa kaunti, na wazazi wanaotaka sketi ya mtoto iongezwe pindo mara tatu bure. Mara nyingi nilishinda. Hii ninayoandika ni habari ya ugomvi mmoja ambao nilidhani nimeushinda pia.

Dukani tulikuwa wawili. Mimi nilipima na kukata, na fundi wangu, mama wa makamo kutoka Ishiara, alishona. Alikuwa mkimya wa kuudhi. Ungemfokea asubuhi akakujibu saa kumi jioni, tena kwa kukuuliza kama umekula. Lakini kola ya shati aliyoishona yeye hata walimu wakuu, watu wa kutafuta makosa, hawakuiona kasoro. Redio ilikaa juu ya rafu ya vitambaa, ikaimba tangu tulipofungua mpaka tulipofunga.

Kwake yeye redio haikuwa ya nyimbo. Saa saba na nusu mchana stesheni ya lugha ya huku husoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, kijiji chake, watoto aliowaacha mmoja mmoja, na siku ya mazishi. Huku kwetu tangazo hilo ndilo mwaliko. Aliyetajwa redioni hangoji kuitwa mara ya pili, na asipoonekana kaburini watu huchukulia kwamba alisikia akakataa. Ikifika saa hiyo fundi wangu aliondoa miguu kwenye pedeli ya cherehani, akakaa na mikono mapajani mpaka jina la mwisho lisomwe, halafu akaendelea na kazi.

Siku moja nilimuuliza anamsikilizia nani. Akaniambia. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwao akaomba kipande cha shamba, na mdogo wake wa kiume, aliyebaki nyumbani na mama yao, akaona amedharauliwa. Wakagombana mbele ya watu wa ukoo. Mama alikuwa mgonjwa wa kulala, simu yake ilishikwa na huyo ndugu, na kila fundi wangu alipopiga ilikatwa. Mara ya mwisho alipokwenda kumwona mama yake, alizuiwa langoni. Ndugu yake alimwambia, "Usikuje hapa tena. Siku ya mama ikifika utasikia kwa redio."

Majirani nao wasingempigia. Kwao si adabu mtu wa nje kumtangulizia mtoto habari ya kifo cha mzazi wake. Kwa hiyo alisikiliza redio, na kila siku ambayo jina halikusomwa alijua kwamba mama yake yungali hai. Hakuwa na njia nyingine ya kujua.

Halafu habari za leseni zikaanza. Kinyozi wa mlango wa tatu alikuja kutuambia kuna watu wanapita madukani wakiuliza kibali cha kucheza muziki. Kumbe ukifungulia redio mahali wateja wanapoingia, au wafanyakazi wanaposikiliza pamoja, unatakiwa kulipia leseni ya mwaka, na pesa hizo ziwafikie walioimba. Nilicheka. Redio nimeinunua mimi, stima nalipa mimi, na stesheni yenyewe inamwaga nyimbo hewani bila kuombwa. Leseni ya nini tena?

Wenye maduka wa mstari wetu tulikutana kwa muuza nyama tukapitisha uamuzi ambao nikiukumbuka naona haya. Tulikubaliana kwamba kuanzia siku hiyo redio zote zitacheza nyimbo za Mungu peke yake. Wimbo wa Mungu, tulisema, hauna mwenyewe, na hakuna serikali itakayothubutu kuutoza. Muuza nyama ni mzee wa kanisa, naye ndiye aliyefunga mkutano kwa maombi. Kwa wiki kadhaa mtu akipita mstari wetu alisikia kwaya nne kwa wakati mmoja, na vinyozi waliozoea nyimbo za vijana wakanyoa vichwa huku wamenuna. Mimi niliirudisha stesheni ya huku saa saba na nusu tu, kwa ajili ya fundi wangu, kisha nikarudi kwenye kwaya.

Walikuja siku ya kazi asubuhi, mwanamume mmoja aliyevaa sweta, dada mmoja aliyebeba faili, na askari nyuma yao. Walisalimia vizuri.

"Mama, hii redio iko na leseni?" akauliza yule mwanamume.

"Hiyo ni gospel," nikamwambia.

"Hata gospel inalipiwa, mama. Mwenye ameimba hiyo ni mtu wa hapa Runyenjes. Ako na watoto wa shule, wanavaa uniform kama hizi zako. Wewe ukishona, si unataka kulipwa?"

Leo naona alisema haki, na nimeshalitafakari neno lake mara nyingi. Siku hiyo niliwaka. Nilisema mambo kuhusu wezi wanaotembea na faili ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu watu wa kanisa langu wanajua kusoma. Mwanamume yule alivumilia. Alinieleza kwamba naweza kulipa siku hiyohiyo nikabaki na redio yangu, au waichukue mpaka nitakapolipa. Alipoanza kunieleza ni wapi leseni inatakiwa na wapi haitakiwi, nilimkatiza nikamwonyesha mlango. Wakaishusha redio, wakaniachia risiti na karatasi iliyokunjwa, wakaenda. Ile karatasi niliisokomeza kwenye droo ya cherehani bila kuifungua.

"Silipi," nikamwambia fundi wangu. "Wakae nayo waisikilize wao."

Pesa ya leseni nilikuwa nayo. Nataka hilo lijulikane mapema, asije mtu akanihurumia.

Kesho yake fundi wangu alikuja na simu yake ya kubonyeza na waya za masikioni. Saa saba na nusu alichomeka waya moja sikioni, akainama juu ya cherehani. Nilivuka chumba nikaichomoa kwa mkono wangu.

"Unataka warudi?" nikamuuliza. "Redio ni redio, hata ikae ndani ya sikio. Unataka wabebe hadi cherehani?"

"Sawa, madam," akasema. Akaikunja ile waya taratibu akaitia mkobani, na sikuiona tena.

Mstari mzima ulikuwa kimya wakati huo, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameficha redio yake. Mahali palipobaki na sauti ni hoteli moja ya chai upande wa pili wa barabara, ambayo mwenyewe alikuwa amelipa na kubandika leseni ukutani. Fundi wangu aliniomba ruhusa ya kwenda kusimama pale mlangoni wakati wa matangazo. Nikamruhusu. Kwa wiki kadhaa alikwenda na kurudi, na aliporudi nilimtazama naye akatikisa kichwa, kumaanisha leo pia hapana. Nilizoea kungoja kile kichwa. Nilimpenda yule mama, na sikuwahi kumwambia.

Januari ikafika. Aliyewahi kushona sare anajua Januari ilivyo. Shule zinafunguliwa, wazazi waliolala Desemba nzima wanaamka siku moja, na kila mmoja anataka ya mtoto wake iishe jana. Duka lilijaa watu tangu asubuhi. Ilikuwa Jumanne, fundi wangu akasimama saa saba na dakika ishirini na kitu.

"Madam, nafika hapo hoteli kidogo."

"Leo hapana. Huoni watu?"

"Ni dakika chache tu. Nitarudi mbio."

"Mama yako amekuwa mgonjwa mwaka mzima," nikamwambia, mbele ya wateja. "Kwani lazima akufe leo?"

Mzazi mmoja alicheka kidogo, halafu akageukia vitambaa. Fundi wangu alikaa chini akaendelea na sketi aliyokuwa akiitia pindo. Jumatano hakuomba. Alhamisi hakuomba pia, na nikaona afadhali, ameelewa kazi ni kazi. Ijumaa tulimaliza sare zote, nikamnunulia soda. Nakumbuka nilijisifu kwamba duka limekwenda vizuri hata bila redio, na yeye akanywa soda yake akasema asante.

Jumamosi asubuhi mwalimu mmoja wa upande wa Ishiara alikuja kuchukua suruali za mtoto wake. Alipomwona fundi wangu kwenye cherehani alisita mlangoni, akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana," akasema. "Lakini nilidhani bado uko nyumbani. Mbona jana hatukukuona?"

Fundi wangu alimtazama. "Jana wapi?" akauliza.

Mwalimu alinigeukia mimi kama mtu anayeomba msaada, na mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nililiona jibu likimfikia fundi wangu polepole, hakuna aliyehitaji kulitamka. Hakulia pale. Alikata uzi, akatoa shati kwenye sindano, akalikunja, akaliweka na mengine, kisha akatoka nyuma kwenye choo cha wapangaji plotini. Tulimsikia kutoka dukani. Mwalimu alisimama na suruali zake mkononi, na mimi kwa kukosa la kufanya nikazifunga kwenye gazeti.

Nilipokuwa nikitafuta kamba kwenye droo, mkono ulikutana na ile karatasi ya leseni. Nikaifungua. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili rahisi, kwa ajili ya watu kama mimi. Ilisema leseni ni ya muziki unaosikika na wateja au wafanyakazi pamoja. Ilisema mtu anayesikiliza peke yake kwa waya za masikioni hadaiwi kitu. Nilisoma mstari huo mara mbili, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Sikumwonyesha, wala sijamwonyesha mpaka leo.

Nilimwambia nitamsindikiza kwao. Tuliondoka Jumapili mapema, na tulipofika Ishiara jua lilikuwa limeshakuwa kali. Kutoka sokoni tulitembea kwa miguu kupita mashamba ya ndengu mpaka kwao. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, udongo ungali mwekundu, maua ya karatasi yamelaliana juu yake. Fundi wangu alipiga magoti. Mimi nilibaki nyuma nimeshika mikoba yote miwili.

Ndugu yake alitoka ndani. Nilijiandaa kwa matusi, na nilikuwa tayari kumjibu, kwa sababu kugombana ndiyo kazi ninayoijua. Hakutukana. Alikuwa amekonda, na aliongea chini chini.

"Tulitangaza siku tatu," akamwambia dada yake. "Nilisema jina lako lisomwe ya kwanza, juu wewe ndio mkubwa. Sikutaka kupiga simu, nilikuwa na aibu ya ile maneno nilikuambia. Nikasema, akisikia jina yake atakuja, na hiyo itaisha."

Fundi wangu aliyapanga maua ya karatasi vizuri.

"Tulikungoja mpaka saa kumi. Watu wote wametupa mchanga, tukakuachia nafasi yako. Pastor akasema jua inaenda. Hata hapo nilikuwa naangalia njia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hukusikia?"

Nilijua sasa angelitaja kosa langu. Alikuwa na haki ya kulisema, nami nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake. Angeniambia nieleze mwenyewe.

"Nilikuwa na kazi," akasema fundi wangu.

"Kazi," ndugu yake akarudia. Nikaona uso wake ukikunjamana. Kisha akaniuliza mimi ni nani, na fundi wangu akamwambia ni mwenye duka, amemsindikiza.

Niliifungua midomo. Nina mdomo ambao umewahi kumfukuza askari mwenye bunduki dukani kwangu, na hapo haukutoa hata neno moja. Yule ndugu alinivutia kiti kivulini, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha chai akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Asante sana, mama," akaniambia. "Bila wewe huyu hata leo hangekuja."

Fundi wangu alikuwa bado amepiga magoti, ametupa mgongo. Nikakipokea kikombe. Nikasema, "Si neno," nikanywa chai yao.